Mwalimu na Ndoo Yake ya Udongo

Nilianza kumchukia Mwalimu kwa sababu ya ndoo. Ilikuwa ndoo kubwa ya rangi, ile inayobaki fundi akimaliza nyumba, na mpini wake ulishakatika siku nyingi, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila Jumamosi asubuhi alishuka nayo kutoka kwake juu, akapita katikati ya migomba yetu bila kupiga hodi, akaitua kwenye ukingo wa bwawa langu la samaki. Ndani mlikuwa na udongo wa mfinyanzi alioulowesha tangu jana yake. Aliukoroga kwa fimbo mpaka ukalainika kama uji wa mgonjwa, akaumimina majini, kisha akasimama, mikono nyuma, kutazama samaki wangu wakipotea.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Ukoo wake umejaa mlima mzima na wote wanamsifu, kwa hiyo anayetaka sifa aende kwao. Mimi nitasema niliyoyaona mwenyewe, na nimeyaona mengi, maana tumekuwa majirani tangu nilipoolewa.

Tunakaa juu kidogo ya Makumira, Meru iko mgongoni mwetu, na maji ya mfereji yanapita shambani kwetu yakitoka huko juu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Mgongo ulipomshinda aliacha kazi, na kahawa yetu ya shambani nayo ilikuwa imezeeka, tukaing'oa sehemu ya mbele tukapanda nyasi na maua. Akachimba bwawa, tukanunua koi, wale samaki wa mapambo wenye rangi nyekundu na nyeupe na dhahabu. Maharusi wakaanza kuja kutoka mjini kupiga picha. Bwawa lile ndilo lililokuwa linatulisha. Na mtu anayetoka mjini na gauni lake jeupe anataka jambo moja tu, samaki waonekane miguuni pake kwenye picha. Sasa mfikirie mtu anayekuja kila wiki kumwaga matope katika sahani unayolia chakula, halafu anasubiri umshukuru.

Alikuwa mwalimu wa kemia. Alistaafu kabla sijamfahamu, lakini hakuacha kufundisha, alichoacha ni darasa tu. Alifundisha kibarazani, kanisani baada ya ibada, na kwenye misiba. Alimfundisha mume wangu sekondari, na hilo ndilo lililokuwa balaa langu, kwa sababu mume wangu, mwanamume mwenye ndevu aliyepitisha lori la mizigo kwenye mlima wa Sekenke usiku na mvua, akimwona Mwalimu alirudi kuwa mwanafunzi. Alimpokea ndoo. Aliishika kwa mikono miwili mzee akikoroga. Nikimwambia jioni kwamba yule mtu anatuharibia kazi, aliinamisha kichwa akasema, "Ni mwalimu wangu, Mama Upendo. Nitamwambiaje?"

Hoja za udongo nilizisikia mpaka nikazijua kwa moyo. Alisema samaki hawa kwao walikotoka hukuzwa kwenye mabwawa ya matope, na ndiko wanakopata rangi kali na ngozi inayong'aa. Alisema udongo una madini ambayo chakula cha mfuko hakina. Alisema unanasa uchafu na kuuvuta chini. Alikuwa na misemo yake aliyoitunga mwenyewe na kuirudia kana kwamba imeandikwa kwenye Biblia: "Maji matupu ni maji maskini." Na mwingine, "Usiyaamini maji yanayong'aa." Huu wa pili aliusema akinitazama mimi.

Nami sikuwa mjinga. Niliuliza waliowahi kufuga, nikasoma kwenye simu, nikaangalia mwenyewe. Huko kwao bwawa la matope ni kubwa kama kiwanja cha mpira, samaki wana nafasi, wana jua, wana wadudu wa kula siku nzima. Wananenepa na kupendeza kwa hayo, hawanenepeshwi na ndoo. Udongo ukimwagwa kwenye bwawa dogo lenye pampu unakaa juu kidogo, kisha unatua chini na kugeuka tope, na wiki ijayo umwage tena. Jambo moja nitamkubalia, maana sipendi kusema uongo hata juu ya mtu kama yule: baada ya siku mbili tatu, udongo ukishatua, maji yalikuwa safi kuliko mwanzo, kwa sababu ulishuka pamoja na ule ukijani unaoota majini. Lakini maharusi hawaji siku ya tatu. Maharusi wanakuja Jumamosi.

Nilimwomba alete udongo wake Jumapili jioni, basi. Akasema Jumapili hafanyi kazi.

Ukimwona kwa mara ya kwanza, kitu ambacho usingekikosa ni mkono. Alizungumza mkono wa kushoto ukiwa mdomoni, vidole vimelala juu ya mdomo kama mtu anayezuia kikohozi. Alifundisha hivyo miaka yote, chaki kulia, mdomo kushoto. Mume wangu aliniambia kwamba shule nzima ilikuwa ikimwigiza nyuma yake, na tulipokuwa wachumba aliniigizia mpaka nikacheka machozi. Sababu ilikuwa meno. Maji ya huku yana floraidi nyingi, na mtoto akikua anayanywa, meno yanaota na mabaka ya kahawia, mengine yanamegeka. Nusu ya mlima wako hivyo na hawajali. Mume wangu yuko hivyo na anacheka mdomo wazi kama geti la shule. Lakini Mwalimu alipelekwa kusoma mbali akiwa kijana, na huko nadhani walimcheka, kwa sababu sijaona mtu mzima anayeuonea haya mdomo wake kiasi kile. Kwenye picha za harusi za watoto wake amesimama pembeni, midomo imebanwa, utadhani anadaiwa.

Mimi ni mtu wa Muheza. Nilikuja huku na meno yangu meupe, na Mungu amenipa kicheko kikubwa. Kosa langu la kwanza mbele yake lilikuwa hilo. Siku niliyotambulishwa kwake nikiwa bibi harusi, nilimwamkia shikamoo huku nikitabasamu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Akaitikia marahaba, akatazama mdomo wangu, akauliza, "Umetokea wapi wewe?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akageukia watu wengine. Tangu siku ile kila nilipocheka mbele yake alinitazama kana kwamba nimempiga kofi.

Alikuwa mkali na alikuwa mtu wa ajabu. Alihubiri subira lakini hakuweza kupanga foleni ya maji ya mfereji. Zamu ya mtu mwingine ikifika yeye alishafungulia kwake. Alikuwa mzee wa kanisa, na mahubiri yakianza alisinzia waziwazi, kichwa kikining'inia, kisha akaamka kwenye sadaka na kukosoa mahubiri ambayo hakuyasikia. Hakuwa na samaki. Hakuwahi kuwa na samaki hata mmoja, wala bwawa, wala ndoo yenye samaki. Lakini nitasema na hili: akiweka mkono majini, koi walimfuata yeye kuliko walivyonifuata mimi niliyewalisha. Walimnyonya vidole, naye alinyamaza kabisa, na mkono wa kushoto ukashuka kutoka mdomoni bila yeye kujua. Mimi ilinichukiza kuona hivyo. Samaki nimewanunua mimi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikumsamehe, na sijamsamehe.

Tulimpata Upendo, binti yetu wa pekee. Alikunywa maji yaliyokuwepo, ya mfereji na ya bomba la kijiji ambayo yanatoka hukohuko. Niliyachemsha, nikayachuja kwa kitambaa, nikajiona mama makini. Nani angenieleza kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi? Mume wangu alisema hapa wote tuko hivi, akaona yameisha. Meno ya utoto yalikuwa mazuri. Yalipotoka yakaota ya ukubwani, yaliota na mabaka, na kila jino jipya likaja limechafuka kuliko la kabla yake. Nililia peke yangu jikoni.

Wakati huo ndipo nilipomwuliza Mwalimu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikimwuliza kitu kwa unyenyekevu, kama kuna dawa. Alikuwa anakoroga udongo wake. Hakuinua kichwa.

"Kwangu tunakunywa ya mvua tu," akasema. "Tangu watoto wangu wazaliwe. Ungeniuliza."

Ungeniuliza. Nikageuka nikatazama juu kule kwake, na kweli, niliona mifereji ya bati kila upande wa nyumba na tangi kubwa jeusi limekaa kwenye jukwaa. Nilikuwa nimeliona miaka yote nikadhani ni majivuno ya mtu mwenye pensheni. Watoto wake wote wana meno meupe kama yangu. Mtu huyu alipita kwangu kila Jumamosi, mimi nikiwa na mimba, kisha nikiwa na mtoto mgongoni, kisha mtoto akitembea na kikombe mkononi, na kila Jumamosi aliongea juu ya maji. Maji ya samaki.

Na hapo ndipo ule udongo ulipobadilika kwangu. Mwanzo ulikuwa unaniudhi tu, kama inzi. Sasa ulikuwa swali. Kwa sababu Mwalimu alidai kwamba mfinyanzi ule hauleti madini tu, bali unanasa na floraidi, unaishusha chini pamoja na uchafu. Kama ni kweli, basi ndoo ilikuwa hapo uani kwangu, na ningeweza kumfanyia mwanangu walichofanyiwa samaki, na sikumfanyia. Kama si kweli, basi yule mzee alikuwa mpuuzi na mimi sikukosa kitu. Nilihitaji udongo ule usiwe na faida yoyote. Niliutaka uwe upuuzi kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Mwalimu alijua kwamba namlaumu, nadhani. Alijitolea kumfundisha Upendo kemia bure, alasiri, kibarazani kwake. Mume wangu alifurahi, mimi nikakubali kwa sababu mtoto alikuwa anafeli. Akafaulu, siwezi kukana. Lakini siku moja nilikuwa namsimulia kichekesho tukichambua mchicha, akacheka, na mkono wake wa kushoto ukapanda ukalala juu ya mdomo, vidole vimenyooka vizuri, vilevile. Nilimwambia aushushe. Akaushusha, na alipocheka tena ukapanda tena. Miaka niliyokaa nikisema "Upendo, mkono" haihesabiki. Amekua, ana kazi yake kwenye duka la dawa Kaloleni, watu wanampenda, na bado anawaeleza wagonjwa namna ya kumeza vidonge akiwa ameziba mdomo. Hicho ndicho alichofundishwa bure.

Ya meno ya samaki yalianza tulipokuwa tunasafisha bwawa. Tulikuwa tumehamisha koi kwenye beseni kubwa, tumetoa maji, na chini kulikuwa na tope zito la udongo wa Mwalimu, tunalizoa kwa koleo. Yeye alikuja kukagua, hakuja kusaidia. Ghafla akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani, akaokota kitu, akakisuuza kwenye kiganja.

"Hili ni jino," akasema.

Nikacheka. Samaki ana meno wapi, nikauliza, mbona nawalisha kwa mkono na sijaumwa? Hapo akapata raha ya kunifundisha. Akanieleza kwamba koi wana magego huko ndani kooni, wanasagia chakula, na magego hayo hung'oka na kuota mengine, yale ya zamani yakaanguka chini. Ilikuwa kweli. Lilikuwa dogo kama punje ya mtama, na lilikuwa la kahawia.

Alilitazama muda mrefu. Kisha akalitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Maji haya yamewapata hata samaki," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa kama ya mtu aliyepokea habari za msiba wa ndugu.

Kuanzia hapo alikuja na ndoo mbili. Kila tulipotoa tope alikuwepo, akilichekecha kwa kichungio cha chai, akitafuta meno. Aliyaweka kwenye kisanduku cha njiti za kiberiti na kuwaonyesha watu kanisani, wakitoka ibadani, wengine na mikate ya mnada wa sadaka mikononi. Aliwaambia, haya ya mwaka jana meusi, haya ya mwaka huu yameanza kufunguka rangi, udongo unafanya kazi. Watu walitikisa vichwa. Mimi niliyatazama nikaona yote ni rangi ya chai, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Lakini nani angemsikiliza mgeni wa Muheza mbele ya mwalimu wa kemia? Mchungaji mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake.

Basi ikaja Jumamosi ya maharusi wa Sokon One, kule mjini. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, familia mbili nzima, wapiga picha wa kamera na wa ndege ile ndogo inayoruka. Jumapili iliyotangulia nilimfuata Mwalimu nje ya kanisa, nikamwamkia, nikamwomba kwa heshima zote wiki hii asije. Akaniambia amesikia. Kusikia alisikia. Siku ile alikuja mapema kuliko kawaida, nikiwa naoga, na nilipotoka nikamkuta mume wangu amesimama ukingoni, ndoo moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, zote tupu.

Bwawa lilikuwa chai ya maziwa. Wageni walipofika, shangazi wa bibi harusi alikwenda mpaka ukingoni akainama, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Samaki wako wapi, au tumekuja kupigia picha chai?" Bibi harusi akaanza kulia na rangi za machoni zikashuka. Wakapigia picha kwenye migomba.

Hilo ningelimeza. Lakini udongo wa ndoo mbili ulikuwa umeingia kwenye sponji za pampu, ukaziba. Pampu ikachemka ikazima, na kwa sababu ya muziki hakuna aliyesikia kimya chake. Jua likawa kali. Nilipokwenda kutazama, koi walikuwa wote juu, midomo nje ya maji, wakifungua na kufumba. Nilivua viatu nikaingia na gauni langu, nikawa nachota maji kwa sufuria na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, mume wangu akihangaika na pampu. Wengi walipona. Hakupona yule mkubwa, mweupe mwenye doa jekundu kichwani, ambaye tulianza naye na ambaye watu waliomba picha yake kwa jina. Nilimtoa nimempakata, mzito kama mtoto wa miezi sita.

Mwalimu alikuwa bado yupo, amekaa kwenye kiti cha wageni, anakunywa soda. Nikaenda nikasimama mbele yake, gauni linachuruzika, samaki mikononi. Nilikuwa na hasira, na hata hivyo ulimi wangu ulianza na heshima, ndivyo tulivyolelewa.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. "Kuanzia leo usikanyage tena kwangu."

"Marahaba," akajibu. Akamtazama samaki. Akainua mkono mdomoni. "Hakuuawa na udongo huyo. Ameuawa na maji."

Kisha akachukua ndoo zake akapanda kwake. Mume wangu alimsindikiza mpaka mwisho wa migomba, na kwa hilo sikusema naye siku kadhaa.

Miaka ikapita bila ndoo. Niseme kilichotokea kwa samaki, kwa kuwa ndilo swali ambalo watu wenye mabwawa ya bustani wananiuliza mpaka leo, kama udongo una faida au hauna. Hakikutokea kitu. Wekundu walibaki wekundu. Weupe walibaki weupe. Ukijani ulinisumbua, nikaongeza chujio na kupanda mayungiyungi ya kivuli, ukapungua. Nilibadilisha chakula, wakanenepa. Aliye na muda wa kuloweka mfinyanzi kila Ijumaa na aloweke, hautawadhuru samaki kama pampu yake haizibi, lakini muda huo akiutumia kusafisha chujio samaki watamshukuru zaidi. Upendo alipoolewa alipigia picha hapo hapo kwenye ukingo. Maji yalikuwa kama hayapo. Koi wote wanaonekana, mpaka magamba. Yeye amesimama katikati, mzuri kupita maelezo, midomo imebanwa.

Picha ile iko ukutani sebuleni. Kila nikiitazama namkumbuka Mwalimu, na simkumbuki kwa wema.

Kanisani tuliendelea kuamkiana. Huku nyuma alikuwa akisema kwamba bwawa langu ni kioo tu, kwamba samaki wale wanaumwa kwa ndani na mimi sioni kwa sababu mtu wa pwani anatazama juu juu. Na kile kisanduku chake cha meno bado kilikuwa kinazunguka. Ndipo nikamkumbuka kaka yangu. Yeye yuko Muheza, ana nyumba ya wageni, na aliponitembelea alipenda koi akachukua wadogo kadhaa, wakazaliana kwake. Bwawa lake ni la saruji na maji ni ya mvua, yanashuka kutoka kwenye bati moja kwa moja. Nilimpigia simu nikamwambia akisafisha atafute chini, atakuta vitu kama punje za mtama, asitupe hata kimoja. Akaniuliza kama nimeanza uganga.

Vilifika kwa basi, ndani ya kiberiti, vimefungwa pamba. Nilifungua nikiwa nimesimama palepale stendi Usa River, watu wananipita. Meno yote yalikuwa ya kahawia. Ya kahawia ileile, rangi ya chai, ya samaki ambao baba zao walizaliwa ndani ya maji ya mvua na hawajawahi kuonja tone la Meru. Kumbe ndivyo yalivyo. Kumbe meno ya koi huwa hivyo popote, na yule mzee ameona rangi ya mdomo wake akadhani anasoma maji. Nilicheka peke yangu stendi mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi akasogeza beseni lake.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Sikuwa nimewahi kuingia uani kwake tangu Upendo alipomaliza masomo. Nilipanda ule mteremko nikiyapanga maneno. Nilitaka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba udongo haukuwa na kazi yoyote. Nilitaka kulisikia hilo kuliko alivyoweza kujua, na nilitaka kulipeleka Kaloleni kwa mwanangu.

Alikuwa kibarazani, amezeeka, blanketi magotini na fimbo ubavuni. Ile ndoo ilikuwa pale pembeni, imepandwa vitunguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Upendo. Karibu, karibu ukae."

Akatabasamu. Nilisimama nikiwa na kiberiti mkononi, nikasahau nilichokipanga, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa meno meupe. Meno ya bandia, juu na chini, meupe mno, makubwa kidogo kuliko uso. Mke wake akanieleza wakati ananiletea chai kwamba watoto walimpeleka hospitali moja mjini, yale yote yakang'olewa, akatengenezewa haya. Akasema siku hizi anacheka hata na redio.

Sikutaka kumwonea huruma na sikumwonea. Nikafungua kiberiti nikakiweka kwenye meza, mbele yake.

"Haya ni meno ya koi," nikasema. "Yametoka Muheza, kwa kaka yangu. Tazama rangi yake."

Akavaa miwani. Akayamwaga kwenye kiganja, akayageuza moja moja kwa ukucha. Alichukua muda mrefu, mpaka chai yangu ikapoa. Nilisubiri. Nilikuwa nimesubiri tangu Upendo akiwa na pengo.

"Wanaishi kwenye maji gani?" akauliza.

"Ya mvua."

"Mvua tupu? Hakuna ya kisima, hakuna ya mto?"

"Mvua tupu, Mwalimu. Tangu wazaliwe, wao na wazazi wao."

Akayarudisha ndani ya kiberiti taratibu, akaweka pamba juu kama mtu anayefunika mtoto. Akavua miwani. Niliona machoni kwamba ameshtuka kweli, nikajisogeza mbele kwenye kiti ili nisikose hata neno moja.

"Kumbe na Muheza maji yameharibika," akasema kwa huzuni. "Pole sana. Mwambie kaka yako aweke udongo, asichelewe."

Kisha akanitabasamia kunifariji. Mkono wake wa kushoto ukapanda kwa mazoea, ukafika kidevuni, ukasita, ukakumbuka, ukarudi zake kwenye blanketi, na yale meno yote meupe yakabaki wazi mbele yangu. Nikasikia kicheko kinanipanda kutoka tumboni, kile kikubwa. Nikainua mkono upesi nikaziba mdomo, vidole vimenyooka, vilevile nilivyomkataza Upendo miaka yote ile, ili yule mzee asinione nikicheka.